Kwenda na mbwa kununua vyakula: sheria za Marekani, joto la garini na haki ya asiyeona

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda sasa swali moja limekuwa likirudi humu kwa sura tofauti, hasa kutoka kwa wenzetu waliohamia Marekani karibuni na ambao wanafuga mbwa ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza maishani: je, inafaa kuongozana na mbwa unapokwenda kununua vyakula? Ninaishi Sacramento, California, nina mbwa ninayempenda, na yale ninayoyaona kwenye maegesho na ndani ya maduka ya mji huu yananisumbua kiasi cha kutaka kulieleza jambo hili kwa kirefu. Msimamo wangu nautanguliza: mbwa wa kufugwa abaki nyumbani siku ya kununua vyakula, na anayepaswa kuingia dukani ni yule tu ambaye mtu mwenye ulemavu anamtegemea katika shughuli zake.

Duka la vyakula halifanani na duka la vifaa vya ujenzi au la vyakula vya mifugo, ambako wenye maduka wengi huruhusu mbwa aliyefungwa kamba. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani hutoa mwongozo wa usafi ambao majimbo huuchukua na kuufanya sheria yao kwa marekebisho ya hapa na pale, na mwongozo huo unakataza wanyama hai mahali chakula kinapouzwa au kuandaliwa, isipokuwa mbwa wa huduma na wanyama wengine wachache waliotajwa. Kwa hiyo meneja anayekuzuia mlangoni hafanyi hivyo kwa chuki, bali anailinda leseni yake mbele ya mkaguzi wa afya. Hapa California hata soko la wakulima la wazi, lile la mwisho wa wiki lenye nyanya na pichi zilizopangwa juu ya meza, lina mpaka wake: mnyama hatakiwi kukaribia mahali chakula kinapowekwa au kuuzwa chini ya futi 20, yaani kama mita sita, na hapo pia anayesamehewa ni mbwa wa huduma.

Sasa huyu mbwa wa huduma ni nani? Hapa ndipo watu wanapodanganyana sana, na wengine wanadanganywa na matangazo ya intaneti. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ilitiwa saini tarehe 26 Julai 1990, na kanuni zake zilizorekebishwa, ambazo zilianza kutumika tarehe 15 Machi 2011, zinasema kwamba ni mbwa aliyefundishwa yeye mwenyewe kufanya kazi mahsusi inayohusiana na ulemavu wa mtu anayemtumia. Kumwongoza asiyeona ni kazi. Kumgusa kiziwi ili ajue kwamba kengele inalia ni kazi, na kadhalika kuvuta kiti cha magurudumu, kumkumbusha mgonjwa wa akili kumeza dawa au kukaa na mwenye kifafa na kumlinda anapoanguka. Mbwa ambaye faida yake pekee ni kumtuliza mwenyewe kwa kuwa naye karibu, hata kama daktari ameandika barua ya kuthibitisha hivyo, hahesabiwi kuwa mbwa wa huduma chini ya sheria hiyo na hana haki ya kuingia dukani.

Mfanyakazi wa duka ambaye haioni kazi ya mbwa kwa macho anaruhusiwa maswali mawili tu: je, mbwa huyu ni mbwa wa huduma anayehitajika kwa sababu ya ulemavu, na je, amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kudai cheti, kuuliza ugonjwa wa mtu, wala kutaka mbwa aonyeshwe akifanya kazi yake papo hapo. Ukarimu huo wa sheria umewekwa makusudi, ili mtu mwenye ulemavu asihojiwe kama mshitakiwa kila anapokwenda kununua mkate, na ndio huohuo wanaoutumia vibaya wale wanaonunua koti jekundu la mbwa lenye maandishi makubwa, wakamvalisha mbwa wa kawaida na kuingia naye hadi kwenye friji za nyama. Nawaomba mlielewe hili vizuri: vyeti na vitambulisho vinavyouzwa mtandaoni havina nguvu yoyote kisheria. California inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayejidai kwa makusudi kwamba mbwa wake ni wa huduma, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi sita, au faini ya dola 1,000, au vyote viwili. Tangu tarehe 1 Januari 2022 wauzaji wa mbwa wa faraja, pamoja na wauzaji wa makoti na vyeti vya mbwa hao, wanatakiwa katika jimbo hili kumpa mnunuzi taarifa ya maandishi kwamba mbwa huyo si wa huduma.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya karatasi na kwamba mbwa wake ni mpole. Jirani yangu ni mama wa makamo asiyeona kabisa, na mara kwa mara tunakwenda pamoja dukani. Mkono wake wa kushoto hushika mpini mgumu uliofungwa mgongoni mwa mbwa wake, Labrador mweusi, na kwa mkono wa kulia hulivuta toroli nyuma yake badala ya kulisukuma, kwa sababu toroli likitangulia mbwa hana nafasi ya kuongoza. Njia ikizibwa na maboksi ambayo wafanyakazi hawajayapanga, mbwa husimama kimya; mama hunyoosha mguu, hugusa boksi kwa ncha ya kiatu, kisha humwambia mbwa atafute njia nyingine. Safu za bidhaa huzihesabu kichwani. Wakifika kwa keshia mbwa huketi kati yake na kaunta, pua ikielekea chini, na ukipita bila kuangalia hutajua kwamba yupo.

Siku moja mbwa mdogo aliyekuwa amekalishwa kwenye toroli la mteja mwingine, tena amevalishwa koti la aina ile niliyoitaja, aliruka akibweka kuelekea kwa yule Labrador. Hakuuma, lakini Labrador aligeuka, mpini ukampindisha mama mkono, toroli likagonga rafu, na hesabu yake ya safu ikapotea. Alibaki ameshika mlango wa friji ya maziwa, akiita jina la mbwa wake kwa sauti ya chini, huku mwenye yule mbwa mdogo akirudia kusema kwamba mbwa wake anataka kucheza tu. Mbwa elekezi aliyeshambuliwa anaweza kuingiwa na woga wa kudumu akashindwa kabisa kufanya kazi, na shule za kuwafundisha mbwa hawa, kama ile ya San Rafael hapa California iliyoanzishwa mwaka 1942, hutumia makumi ya maelfu ya dola kumwandaa mmoja. Kumpata mwingine si kazi ya juma moja, na muda wote huo mtu amerudi kwenye fimbo nyeupe na kusubiri mtu wa kumsindikiza.

Kuhusu toroli nalo, maelezo ya serikali ya shirikisho ni kwamba hata mbwa wa huduma kwa kawaida anatakiwa atembee sakafuni au abebwe na mwenyewe. Mfano wanaoutoa ni wa mgonjwa wa kisukari anayembeba mbwa wake kifuani ili mbwa anuse pumzi yake na kumtahadharisha sukari inapobadilika. Toroli ni la chakula, na anayelichukua baada yako ataweka humo mchicha na ndizi bila kujua kwamba nyayo zilizokanyaga maegesho zilikuwa hapo dakika chache zilizopita. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi pwani ya Afrika Mashariki na pia na Wasomali wengi waishio nchi hii, mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sisi tuliolelewa jirani na watu hawa tunajua uzito wa jambo hilo, na sioni kwa nini adabu tuliyokuwa nayo Tanga au Mombasa tuiache uwanja wa ndege. Niongeze hapohapo kwamba dini, woga wa mbwa au mzio wa manyoya si sababu inayokubalika kisheria ya kumkatalia mtu mwenye mbwa wa huduma halisi. Wenzetu wenye maduka ya vyakula vya halali walijue hilo, kwani mbwa huyo anaweza kuondolewa tu akiwa hatulizwi na mwenyewe hachukui hatua, au akijisaidia ndani.

Wengi wakishaelewa kwamba mbwa haingii dukani, hufikiria kumwacha garini kwa dakika chache. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na laiti ningeweza ningewashika mkono mmoja mmoja kuwaeleza. Siku ambayo nje ni nyuzi 21 tu za Selsiasi, hali ya hewa ambayo hapa tunaiita ya kupendeza, ndani ya gari lililofungwa hufika karibu nyuzi 32 baada ya dakika 10, nyuzi 40 baada ya nusu saa, na nyuzi 45 ikitimia saa moja. Kufungua vioo kidogo hakubadilishi mambo kwa kiasi cha kumwokoa, na kivuli cha mti huhama. Sacramento mwezi Julai, nje penyewe hupita nyuzi 38 mara nyingi, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na kuhema huko hakumsaidii sana ikiwa hewa anayoivuta ina joto sawa na mwili wake. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 na nusu. Likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Wenye pua fupi kama bulldog na pug, pamoja na wazee na wanene, huzidiwa mapema zaidi.

Dalili zake zitambueni hata kwa mbwa wa wengine: kuhema kwa kasi isiyopungua, ute mzito unaoning'inia mdomoni, ufizi uliogeuka kuwa mwekundu sana, kuyumba, kutapika, kisha kulala bila kuitika. Anayepatwa na hali hiyo apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya baridi ya kawaida mwilini huku akipepewa, na apelekwe kwa daktari wa wanyama hata akionekana amepata nafuu. Sheria ya California inakataza kumwacha mnyama garini katika hali inayohatarisha afya yake, na tangu mwaka 2017 mpita njia anaruhusiwa kuvunja kioo ili kumwokoa, kwa masharti: gari liwe limefungwa na hakuna njia nyingine, aamini kwa dhati kwamba mnyama yumo hatarini, awe ameshawapigia simu polisi au namba ya dharura 911 kabla ya kuvunja, asitumie nguvu kupita inavyohitajika, na abaki karibu na mnyama mpaka afisa afike. Majimbo hayafanani katika hili, kwa hiyo aliye Texas au Minnesota asichukue maneno yangu kama ruhusa. Aangalie ya kwake.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi ni mifuko ya bidhaa. Mtu amepita kumchukua mbwa mahali, mifuko iko kiti cha nyuma, na mbwa yuko naye hukohuko. Zabibu mbichi na zabibu kavu zinaweza kuharibu figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Chokoleti hudhuru moyo na mishipa ya fahamu, vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, na bazoka nyingi zisizo na sukari huwa na zailitoli, kitamu mbadala kinachoweza kuishusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya saa moja hata akaanguka. Mifuko iwekwe kwenye buti, na mbwa afungwe mkanda wa kifuani au akae kwenye kizimba chake.

Karibuni tuchangie.

Mchangiaji wa pili

Ahsante mleta mada kwa maelezo yaliyoshiba. Mimi niko Hamburg, na huku Ujerumani karibu kila duka la vyakula lina kibandiko mlangoni chenye picha ya mbwa na maneno ya kueleza kwamba yeye atasubiri nje, na maduka mengi yamepigilia ndoano ukutani kwa ajili ya kufungia kamba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu usafi wa vyakula ndiyo inayotaka wanyama wa kufugwa wazuiwe mahali chakula kinapoandaliwa, kushikwa au kuhifadhiwa. Mbwa wasaidizi wa watu wenye ulemavu wanaingia, na tangu mwaka 2021 haki yao hiyo imeandikwa wazi katika sheria ya huku. Mbwa wa Wajerumani wengi hukaa kwenye ndoano bila kubweka, wamezoea tangu wakiwa wadogo. Je, huko kwenu kumfunga nje ya mlango si suluhisho la kutosha?

Mleta mada

Kaka wa Hamburg, nakushukuru kwa kutupanulia mada. Ndoano ile inafaa kwa mbwa aliyelelewa nayo, kwenye mji ambao watu wamezoea kumpita bila kumgusa, na kwa mtu anayenunua maziwa na mkate akatoka. Huku tunanunua vya juma zima, na anayesimama kwenye foleni ya keshia hana habari na kinachoendelea mlangoni. Mtoto anaweza kumkumbatia mbwa ambaye hapendi kukumbatiwa, mbwa mwingine anaweza kupita karibu naye, na toroli zito likimkanyaga mguu hana pa kukimbilia kwa kuwa amefungwa. Lami ya maegesho nayo huchoma: hewa ikiwa na nyuzi 25 tu, lami iliyopigwa na jua inaweza kufika nyuzi 50. Weka nyuma ya kiganja chako juu yake. Ukishindwa kuvumilia sekunde saba, mbwa wako naye hawezi kusimama hapo.

Kisha kuna wizi. Uingereza walilazimika kutunga sheria mahsusi mwaka 2024, inayotumika England na Ireland ya Kaskazini, ambayo inaruhusu kifungo cha hadi miaka mitano kwa anayeiba mbwa au paka, kwa sababu bunge liliona kwamba kumhesabu mbwa kama mali sawa na simu au baiskeli hakulingani na maumivu ya mwenye mbwa. Mbwa aliyefungwa mlangoni pa duka bila mtu ni rahisi mno kufunguliwa na mwingine. Kama mko wawili, mmoja abaki nje naye akizungukazunguka kivulini na mwingine aingie. Hilo sina pingamizi nalo hata kidogo.

Mchangiaji wa tatu

Shikamoo mleta mada. Mimi ni dada wa Kitanzania, nipo peke yangu na mtoto mdogo, na mbwa wetu tukimwacha nyumbani analia mpaka majirani wa ghorofa wamelalamika kwa mwenye nyumba. Ndiyo maana huwa naenda naye. Unanishauri nini?

Mleta mada

Marahaba dada yangu, na pole kwa mzigo huo. Kwa sasa, usiku wa leo ukitaka, tumia utaratibu wa kuagiza kwa simu na kuletewa bidhaa garini. Maduka mengi makubwa yanao: unachagua vitu kwenye programu ya duka, wanakupangia saa, unaegesha kwenye nafasi yenye namba, na mfanyakazi anakuja kupakia kwenye buti bila wewe kushuka. Mtoto na mbwa wanabaki nawe, injini na kiyoyozi vinafanya kazi, na hakuna aliyeachwa peke yake. Baadhi ya maduka hayatozi chochote kwa huduma hiyo ukifikisha kiasi fulani cha manunuzi. Hasara yake ni kwamba huchagui nyanya kwa mkono wako, na kwa mtu wa kwetu hilo linauma kidogo, najua.

Kilio chenyewe kinatibika kwa subira. Mzoeshe kwa vipindi vifupi mno: toka mlangoni, rudi kabla hajaanza kulia, usimshangilie unaporudi, kisha urefushe muda kidogo kidogo siku hadi siku. Mtembeze vya kutosha kabla ya kuondoka ili awe amechoka, na umwachie kitu cha kumshughulisha, kwa mfano mpira mgumu wenye tundu uliojazwa chakula chake na kugandishwa, ambao atautafuna na kuulamba kwa muda mrefu. Ukiwa unachukua funguo na mkoba kila mara unapoondoka, vichukue pia wakati huondoki, mpaka mlio wa funguo usimtishe tena. Ikiwa anajiumiza kwa kukwaruza mlango, au anajisaidia ndani kwa hofu, usimpige. Hiyo ni hali ambayo daktari wa wanyama anaitambua na wakati mwingine huitolea dawa pamoja na mafunzo.

Na ikiwa safari haina budi kupita dukani ukiwa na mbwa, kama unapotoka naye kwa daktari, panga duka liwe la mwisho na umpitishe nyumbani kwanza. Kwa wale wenye pikapu, California hairuhusu kumbeba mbwa nyuma kwenye bodi lililo wazi bila kumfunga kwa namna itakayomzuia kuruka au kutupwa nje, labda bodi liwe na kingo za urefu wa kutosha au yeye awe kwenye kizimba kilichofungwa imara.